Nafasi ya Immaculée Kisiwani Gozo

Wazo la kisiwa lilikuwa la Larissa. Mama yao alikuwa anatimiza miaka sabini, na Larissa, aliyekuwa akiishi naye Brussels, alisema amechoka na sherehe za ukumbini. Alitaka wikiendi ya bahari: kufika Ijumaa, kuondoka Jumapili, nyumba ya mawe yenye bwawa la kuogelea kwenye kisiwa kidogo cha Gozo, kando ya Malta. Peguy, kitinda mimba wao, angetoka Lyon. Immaculée, dada yao mkubwa, angetoka Durban.

"Yaya, wewe ndiyo mukubwa yetu," Larissa alimwambia kwenye Skype, akimwita dada kwa Kiswahili cha kwao Uvira. "Bila wewe, ni fête gani, sikukuu gani?"

Immaculée aliyaamini maneno hayo mazima mazima. Alikuwa na saluni South Beach, huko huko Durban, chini ya jengo refu la fleti, na kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake mwezi ule aliondoka na habari za Gozo pamoja na rasta zake. Alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani. Durban alifika kwa mabasi na malori, akiwa na mumewe Pascal na mimba changa, na tangu aagane na mama yake kambini Tanzania hawakuonana tena ila kwenye kioo cha kompyuta.

Kitabu cha kusafiria cha wakimbizi alishakipata, kwa kusumbuka kwingi. Kilichobaki ni viza, na viza ilitaka mwaliko wa Larissa. Basi akatuma mchango wake wa nyumba, akanunua kitenge cha rangi ya machungwa, akashonesha magauni matatu ya sare: la mama, lake, na la Larissa.

Pascal, aliyekuwa akitengeneza simu kwenye kona ya saluni, alimtafutia picha za kisiwa kwenye intaneti. "Mama Térence, huku ni mawe matupu. Hata miti ni ya kutafuta."

"Nani amekuambia nataka miti? Nataka mama yangu."

Mwaliko haukuja. Mara Larissa alisema ofisi ya mtaa imefungwa, mara mumewe Honoré amesafiri na sahihi yake inahitajika. Mwishowe akasema, "Nimeisha kutuma, yaya. Ngoja tu." Immaculée akangoja. Akipiga simu ubalozini kuuliza viza, anaambiwa hakuna kilichofika. Akawa anawalaumu wazungu.

Jumapili moja, yeye na Pascal wakitoka kanisani Berea na kusubiri taa ya kijani kwenye robot, taa za kuongozea magari, simu yake ikalia. Ilikuwa Peguy.

"Yaya Ima, nilitaka tu kukuambia pole. Imeniuma kweli."

"Pole ya nini?"

"Si juu ya kazi? Larissa alituambia hautaweza kuja, saluni haina mutu wa kuachiwa." Peguy akaongeza: "Mama alilia, lakini alielewa. Chumba chako tumemupa mama mkwe wa Larissa."

Taa ikawaka kijani, watu wakavuka. Immaculée alibaki pale pale ukingoni, simu sikioni, Pascal akimvuta mkono na yeye hasikii. Damu ilimpanda hadi machoni. Alikata simu, na palepale barabarani, magari yakipiga honi, akampigia Larissa.

"Mwaliko wangu iko wapi?"

"Yaya, bonjour kwanza. Nilikuambia..."

"Larissa! Mwaliko wangu iko wapi?"

Kisha Larissa akashusha sauti, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Écoute, yaya, sikia. Usikasirike. Mpwa wa Honoré alikuja kwa mwaliko wetu, akapotea. Mpaka leo tunaitwa na kuulizwa. Honoré alisema hatasaini tena. Na wewe... watu wa huko wakifika huku, hawarudi."

"Watu wa huko?"

"Unajua nataka kusema nini."

"Sijui! Sema!" Wapita njia waligeuka. "Niko na saluni yenye jina langu mlangoni. Niko na mume, watoto wangu wako shuleni hapa. Nitoroke niende kujificha kwenye mawe ya Gozo? Na ule mama mkwe wako, yeye atalala kwenye chumba nililipa mimi?"

"Feza yako nitakurudishia."

Neno hilo ndilo lililomfanya Immaculée awe mbogo. Siku walipoikimbia vita Uvira, mama akiwa na risasi pajani, nani alimbeba mgongoni? Larissa alikuwa mtoto, ameng'ang'ania sketi ya dada yake, analia njia nzima. Na kambini, nani alisuka vichwa vya watu tangu asubuhi hadi vidole vikavimba, ili Larissa asome, hadi akaonwa na huyo Honoré aliyemwoa na kumpeleka Brussels?

Hakuyasema hayo. Alisema, "Mupe mama simu."

"Amelala."

"Mudanganyifu wewe! Mupe mama simu!"

Kumbe mama alikuwa hapo hapo, amesikia sauti ikipasuka kwenye simu. Immaculée akasikia vurugu kidogo, kisha pumzi nzito ya kizee. "Ima? Mwanangu, unapigia nani kelele?"

"Mama, sikukataa kuja. Walikuambia nimekataa?"

"Walisema una kazi nyingi."

"Mama, nimeshona nguo yako! Nilikuwa nangojea mwaliko, Larissa hakuutuma kwa sababu anasema nitatoroka."

Mama akaongea, lakini si na Immaculée. "Larissa, hii ni kweli?" Jibu halikusikika. "Basi mimi siendi popote. Nendeni nyinyi na mama mkwe."

Siku tatu baadaye Larissa alipiga simu analia. Tiketi haziwezi kubadilishwa, mama amegoma kula, Honoré amekasirika. "Yaya, nakuomba, muambie aende. Wewe anakusikia."

"Nitamwambia," Immaculée alijibu, mikono ikiwa kichwani mwa mteja, simu ameibana kwa bega. "Ila kwanza umwambie Peguy, na Honoré, na mama, mbele yangu kwenye Skype, kwamba ulidanganya. Useme kwa mdomo wako."

"Unataka kuniaibisha mbele ya bwana yangu?"

"Ndiyo."

Larissa alikata simu. Mteja, msichana wa Kizulu asiyejua Kiswahili, alimtazama Immaculée kwenye kioo, akasema tu, "Eish." Immaculée akaendelea kusuka, akivuta nywele kwa nguvu hadi msichana akalalamika. Akamwomba radhi.

Wakaenda kweli. Larissa, mumewe, mama mkwe na Peguy walikwenda kusherehekea sikukuu ya mtu waliyemwacha peke yake Brussels. Jumamosi ile Pascal alifungua Facebook, akaona picha za bwawa na meza ya samaki, akaifunga haraka, lakini Immaculée alishaona. Alifunga saluni mchana kweupe, akampigia mama, wakaongea hadi kadi ya simu ikaisha, Pascal akaenda kununua nyingine. Mama alitaka kujua gauni lina mikono mirefu au mifupi.

Mwezi wa kumi na mbili mama alikuja Durban peke yake na pasipoti yake ya Ubelgiji, anachechemea kwenye uwanja wa ndege. Immaculée alimkumbatia hadi watu wa nyuma wakaomba njia. Mama alikaa majuma sita. Gauni alilivaa kanisani kila Jumapili.

Jioni moja, wakimenya viazi, alianza: "Ima, Larissa ni mtoto wa tumbo moja na wewe. Siku moja mutanizika pamoja."

"Tutakuzika pamoja, mama," Immaculée alisema. "Lakini leo usinitajie jina lake kwenye nyumba yangu."

Mama alichukua kiazi kingine. Hakulitaja tena hadi alipoondoka.