Uzito wa Wartini

Siku ya kupimwa uzito, wajawazito wa kijiji cha Kalisuren huvua makoti na ndala kwenye baraza ya zahanati, wakangoja zamu huku ukungu ukishuka kutoka kwenye mashamba ya viazi. Wartini hakuvua koti. Tangu ashike mimba alikuwa na baridi ya mifupani, na sauti yake ilikuwa ikikwaruza. Alipopanda mizani, Bu Ratmi, mkunga, alitikisa kichwa.

"Wali huo, mwanangu. Mdomo nao upewe likizo."

Wenzake wakacheka, naye akacheka. Alikuwa akila nusu sahani ya wali wa mahindi na mboga ya majani, lakini nani angemwamini? Mnene hana shahidi.

Mama yake alifariki kabla Wartini hajaolewa. Alirudi alasiri ya sherehe ya mwezi wa saba wa mimba, bintiye akiwa amekwisha kuogeshwa maji ya maua na wanawake wakimvisha batiki moja baada ya nyingine. Kwa kila nguo waliitikia kwamba hiyo haijampendeza, kama desturi inavyotaka, mpaka wakafika ya saba. Ya saba haikumzunguka. Mama akaingia kwa mlango wa jikoni na rovu lake, ule uvimbe wa tezi shingoni, kubwa kama papai changa, akavuta ncha mbili za kitambaa, zikakutana. Wanawake wakasema imependeza, wakamsogezea marehemu mkeka na kikombe cha chai.

Rovu lile lilikuwa na joto. Utotoni, asubuhi za baridi, Wartini na mdogo wake Giman waliegemeza mashavu hapo, wakasikia ndani yake nyimbo za kubembelezea ambazo mama hakuwahi kuzitoa mdomoni. Siku zile zilikuwa tamu, na Wartini alizililia mpaka ukubwani. Giman aliendelea kuegemea hata alipoota ndevu, maana hakuwahi kujua kusema wala kufunga vifungo vya shati. Kijiji kilisema ndivyo Mungu alivyomleta.

"Mungu msimsingizie," mama alisema sasa, akimpapasa bintiye koo. "Mimba ya Giman nilikuwa na baridi hii hii, mzito hivi hivi, naye akazaliwa kimya, halii. Mwambie mkunga akushike hapa."

Wakaenda zahanati pamoja. Bu Ratmi alimwamkia marehemu kwa adabu, akamuuliza habari za huko. Wartini akaomba damu yake ipelekwe mjini, ikapimwe kama tezi ya shingoni inafanya kazi. Mkunga akaeleza kwa upole kwamba inayopelekwa ni damu ya mwenye uvimbe unaoonekana. Yeye shida yake ni uzito tu. Akamwonyesha mizani.

Mama akapanda nyuma yake, akamkumbatia ili amsaidie kuubeba. Mshale ukarudi chini.

"Unaona?" mkunga alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Ukijizuia, inawezekana."

Wartini alitaka kubisha, lakini mikono ile alikuwa ameikosa miaka mingi. Akafumba macho, akaegemea.

Mama alikuja kila siku ya kupimwa mpaka mwisho, na hakuna mtu aliye hai aliyewahi kumshika Wartini shingo. Mtoto alizaliwa mpole mno, halii, hata kunyonya ni mpaka aamshwe. Bu Ratmi akamlaza kwenye mizani ndogo, akawatangazia wote kwamba uzito wake ni mzuri.