Askofu na Katekista Katika Duka la Bartholomew

Tangu Jumanne Kamanthe hakuwa ameketi mahali pamoja kwa muda unaotosha kumaliza kikombe cha chai. Aliianza sebuleni, akaiendeleza jikoni, na kikombe kikapatikana kesho yake juu ya tangi la maji, sisimizi wakiogelea. Mama yake, Ndila, alidhani ni umri. Kuku walidhani ana mahindi mfukoni, wakawa wanamfuata uani kwa msafara kama waumini. Kamanthe peke yake ndiye aliyejua kwamba amebeba uongo mmoja mdogo, na kwamba uongo huo ulikataa katakata kulala.

Uongo wenyewe ulihusu mashine.

Ndila alikuwa fundi wa vitambaa. Pale kijijini kwao Katelembo, na hata Machakos mjini, wageni wa heshima wakitarajiwa, kochi haliachwi uchi. Huvishwa kitambaa cheupe mgongoni na vingine viwili mikononi, vimepigwa pasi mpaka vinasimama vyenyewe. Vya Ndila vilijulikana kwa maua yake. Hakuyachora kamwe. Alikunja kipande cha kitambaa mara tatu, akazungusha mkasi kama mtu anayemenya chungwa, akakunjua, na ua likawa limekamilika, likisubiri kushonwa tu. Kamanthe aliwahi kujaribu akiwa darasa la sita. Alipokunjua, alipata kitu kilichofanana na chura aliyekanyagwa na trekta, na familia ikakubaliana kwamba mtoto huyu asome.

Sasa kidole gumba cha Ndila kilikuwa kimegoma. Kilianza kuvimba Januari, na kufikia Pasaka daktari alimwambia aweke mkasi chini, la sivyo kidole kitabaki cha kuonyesha watu. Wakati huohuo, Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa ntheo ya Emily, binti wa jirani, sherehe ya kupokea mbuzi wa mahari. Wakwe wangefika na mbuzi wao, wangehesabiwa heshima yao kuanzia mlangoni, na mama yake Emily alikuwa ameagiza maua mia mbili ya viti vyote, vya nyumbani na vya kuazima. Ndila alikuwa amekata thelathini na moja. Kama hangeyamaliza, kazi ingekwenda kwa mwanamke mwingine, na kazi ya vitambaa ikishahama haijui njia ya kurudi.

Ndipo chama cha wanawake cha kuchangiana pesa kilipofikia zamu yake, na wanawake wenzake wakamwambia: nunua ile mashine inayokata yenyewe. Ndila hakujua hata inaitwaje. Alimgeukia binti yake aliyekuwa likizoni, akatamka maneno yaliyokuja kumkosesha Kamanthe usingizi.

"Wewe umesoma. Chagua."

Ni kweli alikuwa amesoma. Alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni yenye kengele kumi na saba kwa siku, na muhula uliopita alikuwa ametoa mchango wake kwa historia ya taasisi hiyo. Alikata herufi kwa wembe kutoka kwenye jalada la daftari, moja moja, kwa siku nne, akazipanga kwenye ubao wa bwalo la chakula chini ya nembo ya shule: LEO CHAKULA CHA JIONI NI KUKU. Wasichana mia tatu walipanga foleni kwa utulivu ambao mwalimu wa zamu hakuwahi kuuona. Baadhi walikuwa wamenawa. Walipopewa maharagwe, palitokea kilio ambacho Kamanthe, aliposugua masufuria kwa wiki mbili kama adhabu, alikikumbuka kwa fahari ya msanii.

Kasoro ilikuwa moja tu: herufi K ilikuwa imepinda kama K zake zote za daftarini, na ndiyo iliyomponza.

Kwa hiyo alipoanza kuchunguza mashine, alichunguza kwa moyo wake wote. Alijaza kurasa sita za daftari. Mwishoni zilibaki mbili, na akazibatiza. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, pana, inayong'aa, yenye kukata plastiki ngumu, ngozi na hata mbao nyembamba, kwa kasi ya kutisha. Aliiita Askofu. Ya pili ilikuwa ya kijivu, fupi, nzito, yenye kelele za mtu anayetafuna njugu. Aliiita Katekista. Askofu hupokea michoro kutoka kwenye simu, kupitia mtandao, na bila mtandao hafanyi ibada yoyote. Katekista ana kifuniko cha kioo. Unamlazia ua halisi, analitazama, analikata lingine kama hilo, na hamhitaji mtu wala mtandao.

Mtoto yeyote wa chekechea angeona ni ipi inayomfaa mama asiyechora. Lakini Kamanthe aliwaza vibao vya plastiki vyenye herufi zilizonyooka. Aliwaza mlango wa ofisi ya naibu mwalimu mkuu. Mama yake alipouliza, "Na hiyo nyingine ya kijivu?" alijibu bila kupepesa macho:

"Hiyo ni ya watoto, mwaitu. Ya kuchezea."

Basi. Maneno saba, na tangu hapo chai haikumalizika.

Ijumaa walikwenda mjini. Duka lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe, na mwenyewe aliitwa Bartholomew. Alikuwa kijana mwembamba mwenye tai, aliyewapokea kama jamaa wa maharusi.

"Karibuni, karibuni. Mama, keti. Msichana, keti."

"Nimezoea kusimama," alisema Kamanthe, akaanza kuizunguka meza.

Bartholomew aliwasha Askofu. Mwanga wa bluu ukapita ubavuni, karatasi ikaingia, ikatoka, na kabla Ndila hajavua kitambaa cha kichwa kulikuwa na kipepeo mezani.

"Umeona?" alisema Bartholomew.

"Nimeona kipepeo," alisema Ndila. "Wakwe hawakalii kipepeo." Akafungua mkoba, akatoa ua lake moja na kipande cha kitambaa kitupu. "Ikate hili."

Bartholomew alitabasamu kwa huruma. Alieleza kwamba kitambaa ni laini, kisu hukivuta, na lazima kwanza kibandikwe karatasi maalumu mgongoni, ambayo kwa bahati nzuri anaiuza. Pia ua lipigwe picha, lichorwe upya kwenye simu, lipelekwe kwenye programu. Alilipiga picha. Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka kwenye simu. Kikazunguka. Ndila alikitazama kama mtu anayetazama maziwa yasichemke yakamwagika.

"Mtandao leo ni mzito kidogo," alisema Bartholomew.

"Kwetu mtandao hupatikana mahali pamoja," alisema Ndila. "Mlangoni pa choo. Tena ukiwa umesimama."

"Basi mtaweka mashine karibu na..."

"Na choo?"

Bartholomew akakohoa. Kamanthe alikuwa amefika dirishani, akarudi, akashika mkasi wa mtu, akauweka, akasoma bango la chanjo ya ng'ombe mara mbili. Wiki ijayo angerudi shule. Hilo alikuwa amelijua siku zote, lakini sasa alimwona mama yake jinsi angekuwa: amesimama mlangoni pa choo, simu mkononi, kidole kilichovimba kikijaribu kuchora petali juu ya kioo, na kiduara kikizunguka.

Ndila akavuta pumzi. "Sielewi hata nusu. Lakini huyu mtoto amesoma, na amesema nyeupe. Haya, funga nyeupe."

"Hatufungi, mama, tunafungua," alisema Bartholomew, akileta boksi jipya. "Mteja anafungua mwenyewe, tunaijaribu, anaridhika. Ila ikishafunguliwa hairudi. Ndiyo sheria ya duka."

Akampa Ndila kikata-karatasi. Ndila akakishika, akajaribu kukisukuma kwenye utepe wa boksi. Kidole kikakataa. Kikata-karatasi kikaanguka sakafuni na kulia. Ndila aliinama, akakiokota kwa mkono wa kushoto, akampa binti yake.

"Fungua wewe."

Kamanthe aliweka ncha juu ya utepe. Ilikuwa kazi ya sekunde moja. Aliwahi kuvunja kufuli la kabati la michezo kwa kipini cha nywele huku akiimba wimbo wa shule, mkono usitetemeke. Sasa aliinua ncha, akairudisha, akaiinua tena.

"Kata basi," alisema Ndila.

"Mwaitu, ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ile ya kijivu si ya watoto."

Bartholomew, ambaye alikuwa na uzoefu wa familia za wateja, akageuka na kuanza kupanga kalamu zilizokuwa tayari zimepangwa.

"Unasema?"

"Ya kijivu inakopi ua lako lenyewe. Hutumii simu. Hutumii mtandao. Ni polepole, lakini unaweza peke yako. Nilijua tangu Jumanne."

"Sasa ulisema ya watoto kwa nini?"

"Kwa sababu nyeupe inakata plastiki."

"Na mimi nashona plastiki?"

"Hapana. Ni mimi nilikuwa naitaka. Ya vibao."

"Vibao vya nini?"

Kamanthe aliitazama dari. "Vya... kutangaza chakula."

Ndila alikuwa ameitwa shuleni kuhusu lile jambo la kuku. Alikuwa ameketi mbele ya naibu mwalimu mkuu kwa saa nzima amevaa viatu vya kanisani vinavyombana. Kwenye simu ya Bartholomew kiduara kilifika mwisho na kutangaza kushindwa.

"Aiya," alisema Ndila, kwa sauti ya chini. "Wageni wa Emily wangekaa juu ya mbao tupu ili wewe ucheke na wenzako."

Angepiga kelele, Kamanthe angejua la kufanya. Kwa kelele alikuwa na mbinu nyingi. Kwa sauti hii alikirudisha tu kikata-karatasi mezani.

"Bwana Bartholomew," alisema Ndila, "niletee hiyo ya kijivu."

Katekista aliletwa, akawekwa mezani kwa kishindo. Ndila mwenyewe aliinua kifuniko na kulaza ua, akakifunga. Mwanga ukapita chini ya kioo taratibu, kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda. Umbo la ua likatokea kwenye kioo kidogo cha mashine, petali zote nane.

"Sasa tubandike ile karatasi maalumu," alisema Bartholomew.

"Ya nini? Shika kwanza."

Bartholomew alikishika kitambaa kitupu. Akakigonga kwa kucha. Kililia ko, ko, kama kadi ya mwaliko.

"Umekipaka nini hiki, mama?"

"Uji."

"Uji gani?"

"Wa muhogo. Bila sukari, sisimizi wasije. Unachovya, unaanika, unapiga pasi kabla hakijakauka sana. Vitambaa vyote hupakwa uji. Kwani nyinyi makochi yenu yanavaa nini?"

"Nitakulaumu kisu kikikwama," alisema Bartholomew, lakini alikuwa amesogea karibu.

Kisu hakikukwama. Katekista alitafuna, akasimama, akatafuna, kwa mwendo wa ibada ya mazishi. Kamanthe alizunguka meza mara nne. Kitambaa kilipotoka, Ndila alikibandua kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na ua likaachia bila uzi hata mmoja kuning'inia. Akalilaza juu ya la kwanza. Yakalingana. Akaligeuza upande wa pili, akalilaza tena. Mabega yake, ambayo Kamanthe hakuwa ametambua kwamba yalikuwa juu tangu Januari, yakashuka.

"Ni polepole," alisema Bartholomew, kwa haki.

"Nilikuwa nakata maua ishirini kwa siku nikiwa mzima. Hii inakula chakula cha mchana?"

"Hapana, mama."

"Basi ina kasi."

Likaletwa boksi jipya la Katekista, naye Ndila akalifungua kwa mkono wake wa kushoto, kwa ukaidi, dakika tatu nzima, bila kumruhusu mtu amsaidie.

Jumamosi asubuhi Kamanthe alisomeshwa. Ndila alimkalisha kwenye kigoda, akampa kijitabu cha maelekezo, na kumwamuru amtafsirie kila mstari kwa Kikamba, pamoja na onyo kwamba mashine isiwekwe bafuni. Ilikuwa adhabu ndefu kuliko masufuria. Kamanthe alipojaribu kuruka ukurasa, mama aliurudisha. Kufikia saa sita Ndila alikuwa anajua kubadilisha kisu, kupunguza kina chake na kupanga maua manane kwenye kipande kimoja. Saa nane aliacha kuuliza maswali. Saa tisa, maua yalikuwa yamejaa beseni moja na kuanza la pili, na alikuwa akivumisha wimbo wa kanisani, akiutafutia mahadhi katika kelele za Katekista.

Kamanthe alisimama karibu, tayari kusaidia. Alisogea kushoto, akasogea kulia. Alinyoosha mkono kubonyeza kitufe, akakuta kimeshabonyezwa. Akauliza kama kuna jambo lolote, lolote kabisa, ambalo angeweza kufanya.

"Lipo," alisema Ndila bila kuinua macho. "Unanizibia mwanga."