Mahali Sabini na Moja

Baba alipopigwa kiharusi, cha kwanza kwenda kilikuwa ulimi. Mkono wa kulia ukafuata, mguu ukafuata, na mimi nikafuata, maana tangu siku ile sijalala usingizi wa kueleweka. Nina miaka hamsini na mitatu. Alfajiri namgeuza Baba, namlisha uji wa mchele, namkabidhi kwa Suparmi, mwanamke wa Java anayetusaidia nyumbani, kisha naenda kukaa kwenye meza ya karani wa shule mpaka saa nane. Nikirudi namgeuza tena. Watu wakiniuliza habari nasema nzuri, kwa sababu kueleza kunachosha kuliko kunyamaza.

Barua ya kamati ya makaburi ilinikuta katika hali hiyo. Barabara mpya ingepita ubavu wa mashariki wa kilima tunapozikana Wachina wa ukoo wetu, nyuma ya mji wa Bukit Mertajam hapa Malaysia, na makaburi yote ya ubavu huo yangefukuliwa. Kila familia ije ionyeshe kaburi lake na kujiandikisha kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, mifupa ihamishiwe kilima kingine. Makaburi yasiyo na mwenyewe, mifupa yake ingechomwa kwa pamoja na jivu limwagwe baharini. Barua hiyo ilikuwa imekaa wiki tatu chini ya karatasi za dawa za Baba. Niliifungua Jumanne.

Mama yangu amezikwa ubavu huo. Sehemu gani hasa, sikuwa najua.

Usiharakishe kunihukumu. Mama alipokufa nilikuwa na mimba ya miezi saba, na kwetu mwenye mimba hakanyagi makaburini. Walipompeleka, mimi nilibaki jikoni na masufuria. Baada ya hapo nikawa mke wa watu kamili, na mke wa watu, ikifika sikukuu ya kufagia makaburi, hufagia ya wakwe. Miaka ishirini na sita nimeng'oa nyasi kule Kedah kwenye makaburi ya mababu wa mume wangu, watu ambao hata sura zao sizijui, nikawapangia machungwa na kuwawashia ubani. La Mama alilishughulikia Baba. Kila nikimwomba anipeleke alinijibu niende kwa wakwe zangu, huku yupo yeye. Na kweli alikuwepo, mpaka siku alipoanguka bafuni.

Nilimpigia simu mdogo wangu Ban Seng, anayeishi Perth. Siku ya mazishi alikuwa na miaka kumi na mitano na alikuwepo. Akafikiri sana, akaniambia kaburi liko karibu na mti. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ofisi ya kamati nayo ikaniambia daftari la zamani lililiwa na mchwa. Jumatano niliomba ruhusa kazini, nikapanda kilima na panga, nikafyeka nyasi zilizonizidi kimo, nikisoma jiwe moja baada ya jingine mpaka mvua ikanifukuza. Nilikuta mama za watu wengi. Wangu sikumkuta, na mgongo ulikuwa umekwisha.

Aliyenifungua macho ni Suparmi. Jioni hiyo, akinikanda mgongo, alisema zamani Baba alipokuwa bado anatembea alimsindikiza mara moja mpaka chini ya kilima. Mzee alibandua kile kidude cha GPS kwenye kioo cha gari, akapanda nacho mkononi kama mtu aliyebeba kikombe cha chai, naye Suparmi akaambiwa asubiri garini.

Nilikikuta kidude chenyewe kwenye kabati, kimezungushiwa waya. Baba alikuwa dereva wa lori la saruji miaka thelathini na nne na alikipenda kuliko redio. Kilikuwa kimekufa, ukikichomeka umeme kioo chake kinabaki cheusi. Nikakipeleka mbele ya Baba. Akikubali jambo hufumba macho, akikataa huyaacha wazi. Nikamuuliza, "Mama yumo humu?" Akafumba macho, na akayafumba kwa muda mrefu.

Alhamisi mchana nilikwenda kwa Selvarani, anayetengeneza simu chini ya ngazi za umeme katika jengo la maduka karibu na shule. Alikigeuzageuza kidude, akaniambia kioo ndicho kilichokufa, lakini kumbukumbu haikai kwenye kioo. Tatizo lilikuwa waya. Ule wa Baba ulikuwa wa kuchaji tu, haupitishi habari. Akachakura boksi zima la nyaya kuukuu mpaka akapata mwingine, akauchomeka kwenye kompyuta yake. Tukasubiri. Kidude kikajitokeza kwenye kompyuta mfano wa kabati lenye droo, na katika droo moja lilikuwemo faili la mahali alipopahifadhi Baba. Alilifungua kama maandishi ya kawaida. Kila mahali pana jina, na chini yake namba mbili ndefu: moja ya kaskazini, moja ya mashariki.

Palikuwa na mahali sabini na moja. Nilishuka na kidole kutafuta Mama, kaburi, kilima, chochote. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na "Supu ya Samaki", "Mafuta Bei Poa", "Choo Kisafi", "Polisi Hujificha Hapa". Nikataka kulia pale pale mbele ya wateja.

Halafu nikamkumbuka Baba mwenyewe alivyo. Dereva wa kwetu hataji kifo ndani ya gari. Kufa, jeneza, kaburi, maneno hayo ukiyaingiza garini umeyaalika safari. Angeliandikaje neno hilo kwenye kitu kinachomwelekeza njia? Nilipomweleza Selvarani, hakucheka. Alizipeleka namba za mahali pote sabini na moja kwenye ramani kwa mkupuo, zikawa vitone, kisha akaivuta ramani mpaka kwenye kilima chetu, ambacho kwenye ramani ni kijani kitupu.

"Anti," akasema, "hapa pana mgahawa wa tambi za bata katikati ya makaburi. Wateja wake nadhani hawalalamiki."

Tambi za bata. Chakula alichokipenda Mama kuliko vyote. Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Selvarani akanionyesha kwa kidole kitone cha pili. Kilikuwa kimegusana na cha kwanza, na jina lake lilikuwa "Maziwa". Namba zake zililingana na za kwanza mpaka tarakimu ya tatu baada ya nukta. Zilizobaki ndizo zilizopishana kidogo. Alipiga hesabu akasema ni kama mita thelathini na sita. Mimi nikasema mzee alikosea akahifadhi mara mbili. Selvarani akasema huenda, ila cha maziwa kilihifadhiwa siku moja na kile, dakika kumi kabla. Akaniingizia vyote viwili kwenye simu.

Usiku ule nilimuuliza Baba kama Maziwa ilikuwa makosa. Aliacha macho wazi akaangalia ukutani. Nikajua amechoka. Hata mimi nilikuwa nimechoka, nikazima taa.

Ijumaa nilifika kilimani saa tisa. Chini palikuwa na turubai, na chini ya turubai alikaa Mzee Khaw wa kamati na daftari jipya na feni ya betri. Aliamua kupanda nami, nadhani kwa kunihurumia. Simu ilituongoza ndani ya nyasi, hatua hamsini, ishirini, tano. Nikafyeka. Jiwe lilikuwa safi kuliko nilivyotegemea, na picha ya Mama ya duara ilikuwa imepasuka kona moja tu. Nikapiga magoti nikaipangusa. Nilikuwa na tambi kwenye kikopo, zimeshapoa.

Mzee Khaw aliniacha nimalize, akaandika namba ya kaburi, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulielewa. Baba, siku ya kununua eneo, alionyeshwa upande wa juu, mkavu, wenye upepo mzuri. Akaukataa. Alitaka huku maji yanakotuama, na ndugu zake wakamwita bahili mpaka leo.

Nikaitazama simu. Kitone cha Maziwa kilikuwa chini yetu kidogo, na saa ilikuwa kumi kasoro dakika ishirini. Nikateremka.

Hapakuwa na jiwe la jina. Palikuwa na matofali matatu na jiwe la mtoni, na mbele yake makopo ya maziwa mazito yaliyotobolewa matundu mawili mawili juu, tunavyoyatoboa sisi wote. Mengi yalikuwa yameoza kwa kutu. Moja lilikuwa bado na karatasi yake.

Nilisimama pale nikaelewa kwa nini Baba alinunua eneo bovu. Alikuwa anamweka Mama karibu na mwenye maziwa haya.

Mzee Khaw alinifikia akihema. Alitazama makopo, akavua kofia. Akasema kwa upole kwamba kilima kina wengi wa namna hii, watoto waliokufa hawajaota hata meno, walizikwa na mtu mmoja asubuhi bila ngoma wala ubani. Hao kamati haiwaandiki. Wangekwenda pamoja na wasio na wenyewe.

"Huyu ana mwenyewe," nikasema.

"Binti, unaijua desturi. Mwenye nywele nyeupe hamwinamii mwenye nywele nyeusi. Hata baba yako angekuja kwa miguu yake leo, nisingemwandika. Mzazi hamwandikishi mtoto."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake ulinikasirisha. Kumbe ndiyo maana Baba alipanda peke yake miaka yote hii. Alikuwa anafanya kosa, na hakutaka shahidi. Nilifikiria kurudi nyumbani. Nilikuwa na haki ya kuchoka. Mama nilikuwa nimempata, na Ban Seng angeniambia tusichokoe mambo ya kale. Miguu ilikuwa imeshageuka.

"Na mdogo mtu?" nikamuuliza Mzee Khaw. "Mdogo mtu anaruhusiwa kumwinamia mkubwa wake?"

Akalifungua daftari. Feni yake ya betri ilikuwa bado inazunguka mkononi.

"Mdogo, ndiyo," akasema. "Mdogo lazima. Lakini wewe una hakika huyu ni mkubwa wako? Nitaandika nini?"

Nikampigia Suparmi simu ya picha, nikamwambia aishike mbele ya uso wa Baba. Nikamwonyesha jiwe la Mama kwanza, akafumba macho. Kisha nikashuka na simu mpaka kwenye matofali na makopo. Mdomo wake ukapinda upande ule mmoja unaoweza kupinda.

"Baba, sikukasirikii. Nataka majibu tu, muda unakwisha. Huyu ni wenu, wewe na Mama?"

Akafumba macho.

"Alinitangulia mimi?"

Akafumba.

"Mvulana?"

Macho yakabaki wazi.

"Msichana."

Akayafumba, machozi yakashuka pembeni mwa macho yote mawili, na Suparmi akamfuta kwa kitambaa cha meza kilichokuwa karibu. Nikamwambia Mzee Khaw aandike. Penye jina aliandika herufi ya ukoo wetu peke yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyelijua na anayelijua hawezi kulisema. Penye uhusiano akaniachia kalamu mwenyewe. Nikaandika: dada yangu mkubwa. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo.

Kwetu mfu haondolewi pale alipo bila kuambiwa. Nikawasha vijiti vitatu vya ubani, nikapiga magoti kwenye tope. Miaka yote nilijihesabu kifungua mimba, mtu wa kubeba kila kitu, na kumbe nilikuwa mdogo wa mtu.

"Dada," nikasema, "mimi ni Siew Kee, mdogo wako. Samahani nimechelewa, Baba hakuniambia. Jiandae, wiki ijayo tunahama. Mama yuko hapo juu, mtapanda gari moja."

Simu ilikuwa bado wazi mkononi mwangu. Kutoka ndani yake Baba alikuwa analia kwa sauti, sauti kubwa ya dereva wa lori, ambayo tangu aanguke bafuni sikuwa nimeisikia.