Saruji Isiyokubali Weupe

Wahiba alianza kumtilia mumewe shaka kwa sababu ya nyayo.

Zilikuwa zama za Mwingereza, Temeke ndiyo kwanza inapimwa viwanja, na bafu la Bwana Muhdhar lilikuwa gumzo la mtaa mzima. Mwenye duka yule alitandika sakafu yote marumaru nyeupe na kuzijaza saruji nyeupe kwenye maungio, wakati majirani zake walikuwa bado wanaogea nyuma ya makuti. Mshenga alipokwenda kumposa Wahiba, alilitaja lile bafu kabla hajafika kwenye mahari. Wahiba naye, tusimsingizie, bafu lilimvutia.

Basi akaolewa, akaingia. Na kila Muhdhar alipotoka kuoga, Wahiba aliona nyayo zake za maji sakafuni. Zilitoka kwenye birika la kujengea la maji ya kuoga, zikaja vizuri, halafu karibu na ukuta zikajikunja, zikazunguka, ndipo zikafika mlangoni. Mtu mzima, mwenye kitambi chake, mlango uko mbele yake, anazunguka nini?

Akainama kupatazama mahali pale. Marumaru zilikuwa zilezile, lakini mistari ya saruji baina yake haikuwa nyeupe. Ilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa, na ukiifuata kwa kidole ilikupa umbo la pembe nne, refu kuliko pana, fupi kuliko mkeka wa kuswalia.

Akamuuliza mumewe wakati wa chai.

"Saruji iliisha," Muhdhar akasema. "Wakamalizia na nyingine."

Kisha akaenda dukani na kikombe kimejaa. Mtu anayekimbia chai kwa ajili ya saruji ana lake jambo, Wahiba akajisemea. Kesho yake akaitua ndoo palepale kwa makusudi. Aliporudi aliikuta imesogezwa, tena kwa adabu, bila tone kumwagika.

Hapo ndipo jina la Mahfudha lilipoanza kumwasha. Mahfudha alikuwa mke wa kwanza, aliyerudi kwao Pangani. Muhdhar alisema hawakuelewana, na mtoto hana. Ni hayo tu. Wanawake wa mtaani nao, wakiulizwa, wote kwa pamoja walikumbuka kwamba wameacha chungu jikoni. Wahiba akajumlisha mwenyewe. Mahfudha kafukia kitu pale, cha kumfukuza mke yeyote atakayekuja au cha kumrudisha yeye, na mume anajua. Anajua na anakilinda. Sasa mie hapa nimeolewa au nimewekwa?

Akaacha kuoga mle. Alijizungushia makuti uani na kila asubuhi akawa anatoka na ndoo yake. Siku ya kwanza Muhdhar alimwona akipita nayo, uso ukamshuka, akashika fremu ya mlango. Wahiba alifurahi kuuona ule uso. Alijua ni uso wa mtu aliyeshikwa.

Haikupita muda fundi akaitwa. Alikuwa Mhaya, jina lake Audax, mtu wa maneno machache na karai safi. Alikwangua mistari ile yote, akachanganya saruji nyeupe, akaijaza na kuifuta kwa kitambaa. Muhdhar alisimama juu yake muda wote, duka limefungwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku ya harusi. Sakafu ikawa nyeupe pande zote. Wahiba alikaribia kuona haya.

Lakini saruji ilipokuwa ikikauka, kwingine ilizidi weupe, na pale ile rangi ya chai ikarudi. Umbo lilelile, pembe zilezile. Wahiba aliliangalia. Fundi akaitwa tena, na safari hii mke alisimama nyuma ya mlango akisikiliza.

"Bwana, rangi hii haitoki juu," Audax alikuwa akisema. "Inatoka chini. Niruhusu ninyanyue marumaru nione kuna nini."

"Usinyanyue hata moja," Muhdhar akasema. "Njoo Ijumaa, upake tena."

Basi, ushahidi gani tena? Wahiba akafunga nguo zake kwenye sanduku, akampelekea salamu mjomba wake Zahor kule Kariakoo: Ijumaa baada ya swala aje amchukue, na hicho kilichofukiwa atakikuta mkononi mwake. Hakutaka kuomba talaka kwa maneno matupu akaambiwa ana wivu. Usiku alilia kidogo, maana mume mwenyewe, ukiondoa lile shimo lake la siri, alikuwa mpole, na yeye Wahiba alikuwa ameanza kumpenda.

Ijumaa Muhdhar alipokwenda msikitini, Audax alikuwa ndiyo kwanza anafungua mfuko wake wa vyombo. Wahiba akasimama mlangoni.

"Fundi, nyanyua."

"Bwana alikataza, mama."

"Bwana yuko msikitini. Na anayeoga nje ni mie."

Audax alimtazama, akatazama sakafu, akachukua patasi. Marumaru ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka. Chini yake, badala ya zege, palikuwa na mchanga mweupe, safi, umelowa.

"Ndiyo maana," akasema. "Mchanga unakunywa maji yote ya bafu, saruji ya juu haipati kukauka."

Akaendelea kuuondoa kwa mwiko, akitafuta mwisho wake. Pakajitokeza kingo zilizonyooka, shimo lililochongwa kwa uangalifu katika udongo mwekundu. Audax akaacha mwiko, akafanya ishara ya msalaba.

"Mama, hili ni kaburi?"

Wahiba alikuwa ameshajua. Bibi yake alipofariki aliona ufuo ukichimbwa chini ya kitanda cha kuoshea maiti, wa kupokea maji ya josho, kisha ukajazwa mchanga safi. Lakini ufuo wa bibi ulikuwa mrefu kama kitanda chenyewe. Akapiga magoti, akalaza mkono wake kandokando ya huu. Mkono ukamaliza shimo lote.

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamuwaka moto. Alikuwa bado amepiga magoti Muhdhar alipofika mlangoni na kofia yake ya Ijumaa. Hakugomba. Aliegemea ukuta.

"Anaitwa Nasra," akasema. "Alikuwa ameanza kusimama, anashikilia birika hilo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wazee walikataa maji ya josho lake yaingie mtaroni pamoja na maji machafu. Wakavunja marumaru, wakachimba. Nilirudishia mwenyewe, kwa mikono yangu. Mama yake hakuoga humu tena. Kila asubuhi ananipita na ndoo anakwenda uani, mpaka siku aliyoondoka. Nikasema huyu wa pili asijue. Na wewe ukanipita na ndoo."

Huko barazani mjomba Zahor akapiga hodi.

Audax akakohoa. "Nikitoa mchanga huu nikashindilia zege, rangi italingana kabisa. Vinginevyo hailingani."

Muhdhar alimtazama mkewe, na fundi naye akamtazama.

"Uache mchanga," Wahiba akasema. "Rudishia kama ulivyokuta."

"Itarudi rangi ileile, mama."

"Najua."

Alijifuta magoti, akatoka barazani. Mjomba Zahor alikuwa amekwisha kuliona sanduku, na macho yake yalikuwa yanatafuta la pili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, kiko wapi hicho ulichokikuta?"

"Saruji tu, mjomba. Ilikuwa haijakauka."

"Na sanduku hili?"

"Nguo zimeshika unyevu. Nataka kuzianika."

Zahor alimwangalia, mtu mzima asiyeamini hata neno moja, kisha akaomba kahawa. Wahiba akampikia.

Kabla ya magharibi aliichukua ndoo uani, akaingia nayo bafuni, akaoga. Alipomaliza akaelekea mlangoni, na alipofika karibu na ukuta akapinda, akazunguka, akatoka.