Wimbo Aliozikwa Nao Kasmir

Adela alikuwa uani akipepeta ulezi, ungo umelala magotini, wakati mumewe Yusto alipoingia kutoka makaburini. Hilo halikuwa jambo. Yusto alikuwa na desturi ya kuja jua likishatua, hasa miezi ya baridi, kwa sababu upepo wa Ufipa haupendwi na mtu, awe hai awe mfu. Alikung'uta udongo miguuni, akavuta kigoda, akanyoosha mikono motoni.

"Mama Eustaki," alisema, "yule mzee umemtuma wewe?"

"Mzee gani?"

"Mwenye kitambi. Juzi tumesikia wimbo wako unakuja njiani, wote, mpaka mwisho. Nikamwamsha mtoto, nikamwambia mama yako amefika. Kufungua mlango, akaingia yeye."

Adela aliweka ungo chini. Mtoto mwenyewe ndiye Eustaki, mwana wao wa pekee, aliyetangulia kwa surua kabla ya baba yake.

"Na wewe ukamwacha aingie?"

"Wimbo ulikuwa wako. Kule hatutazami sura, tunasikiliza."

"Anapika?"

"Anajifunza," alisema Yusto, akauangalia moto.

Kijijini kwao, ukingoni kabisa mwa mteremko wa kushukia Milepa, kila mtu ana wimbo wake na hakuna anayejitungia. Unatungiwa na rafiki. Wasichana wakipatana hubadilishana: wewe utunze wangu, mimi nitunze wako. Mwenzio akiolewa, unaongeza ubeti. Akizaa, ubeti. Akifiwa, ubeti. Nyimbo hizo huimbwa vipande vipande harusini, kwenye kupura ulezi na kwenye kufukia majani shambani, ndiyo maana pale kijijini siri hazina maisha marefu. Lakini kuuimba wimbo hadi mwisho ni siku moja tu, kaburini, padri akishamaliza yake. Marehemu huufuata mpaka kwa watu wake. Ukishaimbwa hivyo haurudiwi.

Wimbo wa Adela ulikuwa kwa rafiki yake Agnesi. Ndani yake Yusto alikuja kuposa kwa baiskeli ya kuazima, Eustaki alicheka na hatimaye akaugua, na Adela, mjane mwenye homa, alilima shamba zima peke yake. Watu walisema hakuna wimbo mzuri kuuzidi ule. Chema hakidumu.

Huyo mwenye kitambi aliitwa Kasmir. Alizaliwa palepale, akaenda Sumbawanga mjini akapata malori. Hakumtunzia mtu wimbo wala hakutunziwa. Alikuwa akisema nyimbo ni mambo ya watu wasio na kazi. Kwa hiyo alipokufa hakwenda. Kila wanawe walipotaka kufunga jeneza, aliinuka kuuliza kama lori limerudi kutoka Kasanga. Matanga yakarefuka, mchele ukaisha, wenye maturubai wakaanza kuyadai. Ndipo wanawe wakapanda gari kutoka mjini wakamfuata Agnesi, ambaye kwa sauti hakuwa na mpinzani.

Asubuhi Adela alikwenda kwa Agnesi. Mabati mapya ya nyumba yake yalikuwa yaking'aa hata ukiwa mbali, kule kisimani.

"Umemzika Kasmir kwa wimbo wangu."

Agnesi hakukana. Alimsogezea kiti. "Nyumba ilikuwa inavuja, mwenzangu. Si wewe mwenyewe ulikuwa unaniletea masufuria ya kukingia?"

"Ungeimba mwingine."

"Wa nani? Ninao mmoja tu, huohuo niliopewa. Nikasema Adela bado ana nguvu zake, nitamtungia mwingine taratibu."

"Na maisha mengine niyatoe wapi?"

Adela aliumia, tena sana. Kasmir hakumuuma, Kasmir alikuwa mchoyo tangu utotoni na mtu hashangai miba kwa mchongoma. Kilichomuuma ni kwamba mkono uliomshika siku ya kumzika Eustaki ndio huohuo uliokwenda kupokea mabati. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo alikuwa ameivaa tangu wakiwa wasichana.

Walikwenda wote wawili kwa katekista. Katekista aliwasikiliza, akasema wimbo ulioimbwa kaburini ni kama maji ya ubatizo, hayarudi mtungini. Agnesi kwa upande wake alitimiza ahadi. Alikaa akatunga wimbo mpya, akauleta. Ulikuwa na mbuzi wa Adela aliyepotea akapatikana, ulikuwa na goti linalouma, ulikuwa na palizi. Yusto na Eustaki walikataa kuingia. Kila walipowekwa kwenye ubeti walidondoka, kwa kuwa walikwisha kutumika.

"Huu ni wimbo wa jirani tu," alisema Adela.

Agnesi alikubali kwamba ni wa jirani tu.

Msimu wa kupura ulipofika, watu walijipanga na fimbo zao kuuzunguka ulezi. Adela ndiye aliyekuwa akitunza wimbo wa Agnesi, na zamu yake ilipofika aliongeza ubeti:

*Agnesi kaezeka, kaezeka kwa mume wa mwenzie,*
*mvua haimpati tena, yanipata mimi.*

Fimbo ziliendelea kushuka. Watu waliusikia ubeti, wakaona ni wa kweli na unakwenda vizuri na mapigo, wakaupokea. Agnesi alikuwa katikati yao. Naye aliupokea, kwa sauti nzuri kuliko ya mtu yeyote pale, machozi yakimtoka, na ulezi ukapukutika vizuri mwaka ule. Jioni walikunywa pombe pamoja. Hakuna aliyeezua bati hata moja.

Yusto akaanza kuadimika. Mara ya kwanza alipokuja baada ya hapo alisema maharage sasa hayaungui. Mara nyingine alisema Eustaki halali asiposimuliwa habari za malori, na aliyasema hayo huku akicheka. Adela naye alicheka kidogo, ili asionekane mchungu. Baadaye hakuja kabisa, na baridi ikapita bila mtu wa kuota naye moto.

Adela alikuwa akisonga ugali, giza likiingia, aliposikia hodi. Yusto hakuwahi kupiga hodi katika nyumba aliyoifyatulia matofali mwenyewe. Alisimama mlangoni, kijana vilevile kama siku waliyomzika, akamtazama bibi mwenye mvi aliyeshika mwiko.

"Shikamoo, mama."

Salamu haikataliwi.

"Marahaba."

"Samahani, nimepotea njia. Nyumba hii naona kama naijua, sijui niliwahi kupita lini. Naomba maji tu ya kunywa, sikai. Mama Eustaki akinisubiri sana hukasirika."

Adela alimpa togwa badala ya maji, kwa kuwa alijua anapenda togwa. Yusto alikunywa yote akiwa amesimama, akarudisha kata kwa mikono miwili, akapiga makofi taratibu ya kushukuru kama kijana aliyelelewa vizuri. Kisha Adela aliipua sufuria, akatoka naye mpaka uani, akamwonyesha njia ya makaburini.