Meno Sita

Jumatano ile Nashon Opiyo alipanga foleni akiwa na miaka arobaini na mitatu, akatoka kwenye foleni akiwa na hamsini na mitano.

Ilikuwa mwaka wa 1957, mbele ya ofisi ya shamba la katani lililo mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Voi. Kampuni ilikuwa imefungua mfuko wa akiba ya uzeeni, na masharti ya mfuko yalimtaka meneja aandikishe kila mfanyakazi wa kudumu ambaye hajafika miaka hamsini. Hakuruhusiwa kumwacha hata mmoja. Lakini aliyevuka hamsini hakuandikwa. Huyo angefanywa kibarua wa siku kwa siku, na nyumba ya kampuni angeirudisha mwisho wa mwezi. Jumamosi afisa wa Leba, idara ya kazi ya serikali, angekuja kukagua orodha, na akishaitia sahihi, basi.

Shida ni kwamba wengi hawakujua walizaliwa lini. Dresa wa shamba, aliyezoea kufunga vidonda vya miiba ya katani, ndiye aliyepewa kazi ya kukadiria. Alitazama ngozi, akatazama mvi, kisha akasema, "Fungua mdomo." Nashon akafungua. Meno sita ya mbele, ya chini, hayakuwapo.

"Hamsini na tano," dresa akatamka.

"Hapana, bwana. Haya hayakung'oka yenyewe. Nilitolewa nikiwa mtoto. Kwetu Waluo ilikuwa desturi."

"Anayefuata!"

Karani Mwandawiro, Mtaita mwenye mwandiko mzuri kuliko wote pale, alishikilia kalamu hewani kidogo. Kisha akaandika.

Nashon alirudi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya katani, akaendelea kulisha majani. Miaka kumi na tisa alikuwa amelitumikia shamba lile. Binti yake Ajwang' alizaliwa katika nyumba ya kampuni, na mkewe Selpha alikuwa na mimba ya miezi saba. Kwao kulikuwa mbali, siku mbili kwa treni, na kipande cha ardhi alichoachiwa na babake kilikuwa kimeshalimwa na wengine.

Alhamisi alimfuata karani ofisini.

"Mzee, mimi naandika ninachoambiwa," Mwandawiro alisema kwa sauti ya chini.

"Usiniite mzee, karani. Nakuomba."

Mwandawiro akainamisha kichwa. "Samahani. Una cheti cha ubatizo?"

"Nilibatizwa nikiwa mtu mzima. Hawakuandika mwaka."

"Mama yuko hai?"

"Alikufa."

"Basi tafuta mtu mliyezaliwa naye wakati mmoja, mwenye karatasi za kuaminika. Asimame mbele ya afisa, aseme."

Nashon alitoka bila kuaga. Mtu wa namna hiyo alikuwapo, tena karibu. Odongo, pacha wake, alikuwa akifanya kazi ya reli pale Voi, akigeuza njia za treni stesheni. Siku ya kutolewa meno, Odongo alikimbilia misheni, akabaki na meno yake yote. Lakini ndugu hao walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na mmoja. Mama yao alipofariki, Odongo alimzika bila kumngoja Nashon. Nashon alifika akakuta udongo mbichi, akampiga nduguye kofi mbele ya waombolezaji.

"Mwendee," Selpha alimwambia jioni ile. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mikono juu ya tumbo. "Mimi sitazalia barabarani, Baba Ajwang'."

"Atanifukuza."

"Akufukuze basi. Lakini uwe umeenda."

Ijumaa, alipomaliza zamu ya asubuhi, alishika njia. Alifika nyumba za reli jua likiwa bado kali. Odongo alikuwa mlangoni akipiga pasi sare yake. Alipoinua macho, Nashon aliona uso wake mwenyewe ukimtazama, ila mashavu ya huyu yalikuwa yamejaa na midomo haikubonyea ndani. Mtu asiyewajua angedhani ni baba na mwana.

"Nani amekufa?" Odongo akauliza.

"Hakuna. Nimekuja kukuomba."

Akaeleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Odongo alisikiliza bila kumkaribisha kiti. Aliweka pasi kando.

"Unajua reli wanajua mimi nina miaka mingapi?" alisema. "Thelathini na sita. Nilipoomba kazi walitaka vijana, nikakata saba. Nao wana mfuko wao, na jina langu limo. Nikisimama kesho niseme sisi ni pacha, afisa ataniuliza nambari yangu ya kazi. Ataandika barua. Nitaonekana mwongo, ndugu yangu, na mwongo hufukuzwa."

Nashon hakuwa amewaza hilo. Akapiga magoti pale kwenye kokoto, mtu mzima na mapengo yake, mbele ya majirani waliokuwa wakianua nguo.

"Inuka," Odongo akasema. "Inuka, watu wanatazama."

"Lile kofi nisamehe."

"Sikumzika mama kwa kiburi. Kulikuwa na joto. Mwili usingekungoja." Akaishika tena pasi. "Inuka uende. Siwezi. Nina watoto wanne."

Nashon alirudi shambani. Selpha alimtazama usoni mara moja. Alianza kukunja nguo za Ajwang' na kuzifunga katika shuka.

Jumamosi afisa wa Leba aliketi mezani nje ya ofisi, meneja upande mmoja, Mwandawiro upande wa pili. Majina yaliyokataliwa yalikuwa kumi na moja. Nashon alipoitwa alijieleza, na kadiri alivyosema haraka ndivyo maneno yalivyozidi kuvuja kwenye mapengo, akasikika mzee kweli.

"Una ushahidi?" afisa aliuliza.

"Sina, bwana."

"Anao."

Watu waligeuka. Odongo alikuwa akija kutoka barabarani, amevaa sare ya reli, viatu vyekundu kwa vumbi. Alisimama bega kwa bega na Nashon, akavua kofia.

"Sisi ni pacha," alisema. "Tuna miaka arobaini na mitatu." Akafungua mdomo, akaonyesha meno yake yote.

Afisa alisimama. Alitazama uso huu na ule, masikio, mikunjo ya paji la uso, hata kidole kidogo cha mkono wa kushoto ambacho kwa wote wawili kilikuwa kimepinda. Akamwambia Mwandawiro afute hamsini na tano.

"Bwana," Mwandawiro alisema, "hawa wote kumi na mmoja ni Waluo. Wote wana mapengo hayohayo."

Meneja alimkazia macho. Afisa alifikiri, akatoa muda hadi mwisho wa mwezi: mwenye ushahidi alete. Kisha akamgeukia Odongo. "Nambari yako ya kazi?"

Odongo akaitaja polepole, tarakimu baada ya tarakimu.

Kati ya wale kumi, wanne walipata barua za misheni. Sita hawakupata. Mmoja wao, Owino, jirani wa ukuta kwa ukuta, alihama na godoro kichwani, akapita mbele ya mlango wa Nashon bila salamu. Nashon alibaki amesimama na jina lake kwenye orodha.

Barua ya reli ilichukua miezi miwili. Odongo hakufukuzwa, lakini umri wake ulisahihishwa: angestaafu miaka saba mapema kuliko alivyotegemea, na unyapara aliokuwa ameahidiwa alipewa mwingine. Alikuja nayo shambani Jumapili, akamsomea nduguye mstari kwa mstari. Selpha alimpa mtoto mchanga ampakate, akatoka nje.

"Miaka saba," Nashon alisema. "Nitakulipa na nini?"

Odongo alimtazama mtoto, aliyekuwa amekikamata kifungo cha sare.

"Desemba nina likizo," alijibu. "Twende nyumbani wote wawili, tukasimame pamoja kaburini kwa mama."