Nyumba Zilizopanda na Maji

Mwaka bendera ya Wajerumani ilipoteremshwa Witu, Mwanatumu alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua. Asubuhi moja, akiosha ungo mtoni chini kidogo ya Garsen, alichota maji kiganjani akayaonja. Yalikuwa na ladha ya udongo wa mlimani. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, Dhadho, kwamba mto unakuja.

Dhadho hakumuuliza amejuaje. Wapokomo wa kijiji kile waliungoja mto kama mgeni mlafi asiyekuja mikono mitupu: ulikula migomba, ukaacha tope la kupandia mpunga. Kila ulipofurika walihamia mwinukoni na mbuzi wao, wakakaa na wafugaji wa Kiorma mpaka maji yapungue.

Mwaka huo mwinuko ulikuwa umezungushiwa boma. Tajiri mmoja wa Kipini alikuwa ameuchukua kulima pamba, wafugaji wakasukumwa mbali, na langoni alisimama msimamizi wake, Mahmud.

"Bwana Mahmud, mke wangu yu karibu kujifungua," Dhadho alimwambia. "Twaomba kupanda juu."

"Pamba imepasuka," Mahmud alijibu kwa upole. "Mtaikanyaga."

Dhadho alirudi na jibu hilo. Mwanatumu alikuwa akisonga ugali.

"Basi tutabaki," alisema. "Mto twaujua."

Maji yaliingia adhuhuri. Yalipokaribia mafiga, nyumba ilijing'oa taratibu, nguzo moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa miguu topeni, ikakaa juu ya maji. Moto haukuzimika. Nyumba za majirani nazo zikapanda. Dhadho aliifunga yao kwa kamba kwenye mkuyu isije ikafika baharini, kisha akanawa mikono akala. Jirani mmoja alilalamika kwamba nyumba yake imesogea mno karibu na ya wakwe zake.

Zizi la mbuzi halikupanda. Mwanatumu aliwasikia wakilia, na Dhadho alipofika kwa mtumbwi hapakuwa tena na kilio. Alirudi na kengele ya beberu, akaiweka mkekani. Mwanatumu aliutazama mwinuko, mkavu, mweupe kwa pamba, hauna mtu. Hasira ilimshika kiunoni, kumbe na uchungu umeanza. Majirani wawili walipiga kasia kuja kumzalisha. Jua lilipokuwa likitua alikuwa amempakata mtoto wa kike, Mwanaarusi, na nyumba ilikuwa ikiyumba polepole kama inambembeleza.

Maji yalipopungua, nyumba zilishuka, karibu na pale zilipokuwa. Mahmud alikuja na watu wake. Alizitazama alama za maji kwenye mkuyu, juu ya kichwa chake, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata hesabu yake sawa.

"Nyumba zenu zaelea," alisema. "Mwinuko hamuuhitaji tena. Boma tutalishusha mpaka hapa, nyuma ya vibanda."

"Na mbuzi?" Mwanatumu aliuliza.

"Watazoea."

Mwanatumu alimtazama mpaka yeye Mahmud akageuza uso. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akachukua mbegu zake za mpunga, akashuka shambani kabla tope halijakauka. Alipanda kwa mkono usiositasita. Nyuma yake watu wa Mahmud walikuwa wakichimbia nguzo za boma, wakizishindilia kwa mawe zisije zikaelea.